Mabao na Jasho: Namna ya Kuwapima Washambuliaji wa Yanga

Mshambuliaji wa kati, yaani yule anayesimama mbele kabisa na ambaye wapenzi wa soka wa Tanzania wamezoea kumwita namba tisa, hupimwa kwanza kwa mabao, na kipimo hicho ni cha haki kwa kuwa mechi huamuliwa kwa mabao. Hata hivyo, washambuliaji kadhaa wa klabu moja wanapogombea nafasi moja, idadi ya mabao peke yake hupotosha, kwani haionyeshi dakika ambazo kila mmoja alipewa wala nafasi ambazo mbio zake ziliwafungulia wenzake.

Katika msimu wa 2022/23, chini ya kocha Nasreddine Nabi, Young Africans, yaani Yanga, ilimtegemea Fiston Mayele kutoka Kongo, aliyefunga mabao 17 ya Ligi Kuu na kulingana na Saido Ntibazonkiza wa Simba katika ufungaji bora, kisha akawa kinara wa Kombe la Shirikisho Afrika kwa mabao 7, huku timu ikifika fainali na kulikosa taji mbele ya USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini. Mayele alipokwenda Pyramids ya Misri, kocha mpya Miguel Gamondi aliwatumia Kennedy Musonda wa Zambia, kijana Clement Mzize na Hafiz Konkoni wa Ghana, na katika dirisha dogo akaongezwa Joseph Guede wa Ivory Coast. Hakuna kati yao aliyeyakaribia mabao 17 ya ligi, na bado Yanga ilitetea ubingwa, kwa kuwa kiungo mshambuliaji Stephane Aziz Ki alifunga 21 na kuwa mfungaji bora.

Hesabu ya kwanza inayofaa kufanywa ni kugawa mabao kwa dakika na kuzidisha kwa 90, ili ipatikane wastani wa bao kwa kila mechi kamili: kwa mfano, mwenye mabao 10 kwa dakika 1,800 ana wastani wa 0.5, wakati mwenye mabao 6 kwa dakika 900 ana 0.6, ingawa jedwali la wafungaji litamweka chini. Penalti nazo zitengwe, kwa sababu zaidi ya tatu kati ya kila nne huingia wavuni, na anayezipiga hupata nafasi ambayo mwenzake hakupewa.

Upande wa jasho ndio mgumu zaidi, na ndio unaoeleweka vibaya, kwa kuwa watu wengi hudhani kwamba bidii ni kilomita alizokimbia mchezaji. Umbali hauelezi lolote usipojulikana wakati na mwelekeo wa mbio. Katika kukaba kuanzia juu, yaani kuwabana wapinzani wakiwa bado karibu na lango lao, mshambuliaji mahiri hamkimbilii beki moja kwa moja; humwendea kwa kupinda, ili mwili wake uzibe njia ya pasi kwa kiungo mkabaji, na beki abaki na upande mmoja tu wa kupeleka mpira, ambako winga na kiungo wa timu inayokaba wanasubiri kuunyakua. Mshambuliaji huyo huenda asiuguse mpira kabisa, na jina lake lisiandikwe popote, ilhali bao limeanzia kwenye miguu yake. Ana pia mbio za kuvuta mabeki wa kati, ambazo huacha uwazi nyuma yao kwa kiungo anayeingia kwa kasi, na kwa timu yenye Aziz Ki, Pacome Zouzoua na Maxi Nzengeli uwazi huo ulikuwa na thamani kubwa mno. Simba ilipofungwa 5-1 tarehe 5 Novemba 2023, Musonda alifungua kwa bao la mapema, lakini manne yaliyofuata yalitoka kwa Nzengeli, aliyefunga mawili, Aziz Ki na Pacome.

Bidii hiyo, hata hivyo, haizibi pengo la umaliziaji katika kila mechi. Katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2024, Yanga na Mamelodi Sundowns zilitoka suluhu nyumbani na ugenini, na Yanga ikatolewa kwa penalti; ni kweli kwamba shuti la Aziz Ki lililogonga mwamba huko Pretoria lilizua ubishi mkubwa kuhusu kuvuka mstari, lakini katika mechi zenye nafasi chache kiasi hicho ndipo mmaliziaji wa aina ya Mayele hukumbukwa kwa haki.

Msimu wa 2024/25 ulitoa ushahidi wenye uzito zaidi, kwa sababu Mzize alifunga mabao 14 ya ligi na mshambuliaji mwenzake Prince Dube 13, huku timu ikipita mikononi mwa Gamondi, Sead Ramovic na Miloud Hamdi. Tofauti ya bao moja isichukuliwe kuwa hukumu, kwa kuwa Mzize aliwahi kupangwa pembeni huku Dube akisimama katikati, na anayeanzia pembeni hukimbia njia ndefu zaidi kulifikia lango na hulazimika kumfuata beki wa pembeni anapopanda. Kwa hiyo dakika za kila nafasi zinapaswa kuhesabiwa peke yake kabla ya wawili hao kulinganishwa.