Mlima, Maji na Meno: Somo la Jiografia Linapokuwa Kinga

Msichana wa kidato cha pili aliingia katika chumba cha matibabu akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Hata alipoamkia, "Shikamoo, daktari," mkono haukushuka. Mama yake ndiye aliyeeleza kilichowaleta. "Huyu binti hapigi mswaki. Nimemsema mpaka nimechoka. Sasa ameanza kuyasugua meno kwa mchanga, maana wenzake wanamcheka."

Nilipoyatazama meno yale, niliona michirizi myeupe kama chaki na mabaka ya kahawia, yamekaa kwa kulingana upande wa kulia na wa kushoto. Ufizi ulikuwa safi, wala hapakuwa na jino lililotoboka. Binti yule alikuwa akipiga mswaki vizuri kuliko wagonjwa wangu wengi.

Nilimwuliza amekulia wapi, akataja kijiji kilicho kwenye miteremko ya Mlima Meru. Nikamwuliza kama wamekwisha kusoma habari za volkano shuleni. Akatoa daftari la Jiografia mkobani, akanionyesha mchoro wake: kreta, njia ya kupandia ujiuji wa moto, tabaka za majivu, na pembeni alama ya vema kwa wino mwekundu. Aliujua mlima ule hadi tumboni mwake. Asichokuwa ameambiwa na mtu yeyote ni kwamba mlima huo ulikuwa umeingia katika meno yake kwa njia ya maji.

Mlima unavyofika kikombeni

Bonde la Ufa la Afrika Mashariki limezungukwa na miamba iliyotokana na volkano. Mlima Meru ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910, na Ol Doinyo Lengai ungali hai hadi leo. Miamba na majivu ya milima hii yana floraidi kwa wingi. Maji ya mvua yanapopenya ardhini huyeyusha madini hayo na kuyabeba hadi kwenye chemchemi na visima.

Katika maeneo mengine ya dunia, kalsiamu iliyomo majini huungana na floraidi na kuituamisha chini. Miamba ya ukanda wetu ina magadi mengi na kalsiamu kidogo, kwa hiyo floraidi hubaki majini. Ndiyo maana maziwa ya magadi kama yale ya Momella, yaliyomo katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, yana kiwango kikubwa mno cha floraidi.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Kwa miaka mingi viwango vya Tanzania viliruhusu hadi miligramu 4, kwa kuwa palikuwa na vyanzo mbadala vichache. Floraidi kidogo hulinda meno yasioze, na ndiyo sababu huwekwa katika dawa ya meno. Ikizidi katika miaka 8 ya mwanzo ya maisha, wakati tabaka gumu la nje la meno ya kudumu linajengwa chini ya ufizi, jino huota likiwa tayari na madoa. Hakuna mswaki unaoweza kuyaondoa. Mkaa na mchanga hulikwangua tabaka hilo na kuongeza madhara.

Mtu akiendelea kunywa maji yenye floraidi nyingi kwa miaka mingi, mifupa nayo huathirika. Viungo huuma, mgongo hukakamaa, na baadhi ya watoto hupinda miguu. Madoa ya meno tunaweza kuyafifisha au kuyafunika kwa tiba ya kinywa. Mfupa uliokwisha kupinda huhitaji upasuaji, na hakuna dawa ya kumeza inayourudisha ulivyokuwa.

Yale ambayo mwalimu anaweza kufundisha

Wanafunzi wa sekondari husoma miamba, mzunguko wa maji na hali ya hewa, lakini mara nyingi masomo hayo hukomea kwenye karatasi ya mtihani. Tena huyasoma kwa Kiingereza, ilhali nyumbani maji huchotwa, huchemshwa na kuzungumzwa kwa Kiswahili, Kimeru au Kimaasai. Mwanafunzi anaweza kupata alama zote na bado asiwe na maneno ya kumweleza mama yake kwa nini kisima kimoja ni salama na cha jirani si salama. Kazi moja tu ya kumtaka mwanafunzi aeleze somo la siku kwa lugha ya nyumbani ingeziba pengo hilo.

Mfano wa kwanza ni chungu cha maji. Lita 2 zenye miligramu 3 za floraidi kwa kila lita zina miligramu 6 kwa jumla. Zikichemshwa hadi ibaki lita 1, mvuke hupaa, floraidi haipai. Lita iliyobaki ina miligramu zote 6. Kuchemsha huua vijidudu, na ni jambo jema, lakini hakupunguzi floraidi. Kuchuja kwa kitambaa pia hakusaidii. Wala rangi, harufu au ladha havimwambii mtu kitu. Kipimo cha maabara ndicho kinachosema.

Mfano wa pili ni ramani. Visima viwili vilivyo karibu vinaweza kutofautiana sana kwa sababu vimepita katika miamba tofauti. Darasa linaweza kuchora vyanzo vyote vya maji vya kata yao, kisha shule ikaomba matokeo ya vipimo kwa wahusika wa maji wilayani na kuyaandika juu ya ramani hiyo. Hapo somo la miamba linakuwa mali ya kijiji kizima.

Mfano wa tatu unagusa tabianchi. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ya bati hutoa lita 1 ya maji. Paa la mita 50 za mraba, penye mvua ya milimita 600 kwa mwaka, hupokea lita 30,000. Tuseme asilimia 20 zinapotea. Zinabaki lita 24,000. Maji ya mvua yana floraidi kidogo mno. Familia ya watu 6, kila mmoja akitumia lita 5 kwa siku kwa kunywa na kupikia, inahitaji lita 30 kwa siku. Kiangazi cha miezi 5 kinadai lita 4,500. Vuli zikichelewa kwa mwezi mmoja, zinahitajika lita 900 zaidi, na tangi la lita 5,000 halitoshi tena. Mwanafunzi aliyepiga hesabu hiyo ameelewa kwamba mabadiliko ya majira humrudisha mdogo wake kwenye kisima kile kile.

Kwa wahudumu wa afya

Mnapomwona mtoto mwenye madoa ya meno yanayolingana pande zote mbili, ulizeni kwanza aliishi wapi hadi umri wa miaka 8 na alikunywa maji gani, kabla ya kumlaumu kwa uchafu. Ulizeni pia habari za magadi yanayotiwa katika maharage na makande, kwa kuwa nayo huongeza floraidi. Familia isiyo na chanzo kingine ielezwe kwamba maji salama yanahitajika hasa kwa kunywa na kupikia. Kufulia na kuogea kunaweza kuendelea kwa maji ya kisima. Maji ya mvua yakingwe baada ya paa kusafishwa na mvua za kwanza, tangi lifunikwe, na maji ya kunywa yachemshwe. Vichujio vya mkaa wa mifupa, ambavyo vimefanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, huondoa floraidi, mradi mkaa ubadilishwe kwa wakati.

Nilimweleza yule binti mambo haya kwa kutumia mchoro wake mwenyewe, kisha nikamwomba amweleze mama yake. Alianza kwa kusitasita. Alipofika kwenye chemchemi, mkono ulikuwa umeshuka kutoka mdomoni, kwa kuwa aliuhitaji kuonyeshea njia ya maji. Mama alinyamaza kitambo, akamgusa binti yake begani. "Nisamehe, mwanangu." Kisha akanigeukia. "Daktari, mdogo wake ana miaka miwili."

Meno ya kudumu ya mtoto huyo yalikuwa yangali yanajengwa. Tuligeuza ukurasa wa daftari, na dada yake akaanza kupiga hesabu ya paa lao.