Usiogope Kushuka Kitandani Baada ya Upasuaji

Ukifanyiwa upasuaji pale King's College Hospital, Denmark Hill, kituo kimoja tu cha treni kutoka Peckham Rye, usishangae nesi akikwambia uketi kwenye kiti siku ileile au kesho yake. Si ukatili. Kulala tu kunaweza kugandisha damu miguuni, na bonge hilo likipanda mapafuni linaweza kuua. Makohozi nayo hukaa kifuani, misuli ikalegea.

Kinachowazuia wengi ni maumivu. Sisi tumefundishwa kuvumilia, basi nesi akiuliza tunajibu "sijambo", kumbe hata kugeuka hatuwezi. Mwambie ukweli, na umeze dawa kabla ya kutembea, usingoje mpaka uumie. Wengine huogopa nyuzi zitafumuka. Kama kidonda ni cha tumbo, kibane kwa mto unapokohoa au kuinuka. Mpira wa mkojo na dripu navyo humfunga mtu kitandani: uliza vitatolewa lini. Ukisikia kizunguzungu, keti, ita nesi. Kiingereza kikikupiga chenga omba mkalimani, hulipi kitu.

Na nyinyi jamaa mnaoleta uji na kumwambia mgonjwa "lala, pumzika", nesi akisharuhusu mshikeni mkono mtembee naye hadi mlangoni.

Ukisharudi nyumbani, mguu mmoja ukivimba na kuuma, piga 111 siku hiyohiyo. Kifua kikibana au pumzi ikikatika ghafla, piga 999.