Kuhamia Pwani na Watoto: Tazama Afya Kabla ya Kodi

Ni mimi muuguzi wenu wa afya ya jamii hapa Itumbe.

Leo tutazungumza juu ya kuhama. Kila mwaka baadhi ya jamaa zetu huondoka huku milimani kwenda pwani. Mume amepata kazi bandarini, hotelini au kwenye ujenzi. Dada ameanza biashara Mtwapa au Ukunda, naye anaita familia imfuate. Ni habari njema. Lakini mara nyingi baba hutangulia, akatafuta chumba kwa kuuliza jambo moja tu: kodi ni pesa ngapi? Mama na watoto hufika baadaye, wakapokea chumba kilichokwisha kuchaguliwa.

Mama mmoja wa hapa kwetu, ambaye jina lake si la kutangaza redioni, alihamia pwani na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Neti zilikuwa kwenye mizigo iliyopakiwa lori, na lori lilichelewa siku tano. Zilipofika, chumba kilikuwa na joto kali, dirisha moja dogo na mabati ya chini, hata mtoto akalia kila alipowekwa ndani ya neti. Wakaiacha. Wiki ya pili mtoto akawa moto. Majirani wakasema ni joto la pwani, atazoea. Wakamwogesha maji baridi kwa siku tatu. Walipofika hospitalini mtoto alikuwa ameishiwa damu kwa malaria, ikabidi aongezewe. Namshukuru Mungu alipona. Lakini mama aliniambia, "Sista, tuliokoa pesa kidogo ya kodi, tukailipa hospitalini mara kumi."

Basi mama, tujifunze pamoja.

KWA NINI MTOTO WA MILIMANI YUKO HATARINI ZAIDI

Huku Kisii na Nyamira tuko juu, na usiku ni baridi. Baridi hiyo huchelewesha vijidudu vya malaria kukua ndani ya mbu. Ndiyo sababu malaria kwetu haikai mwaka mzima kwa wingi, bali hulipuka wakati fulani, hasa baada ya mvua nyingi na joto. Wazee wanakumbuka milipuko ya miaka ya 1990 na ule wa mwaka 2002, jinsi wodi zilivyojaa.

Pwani ni tofauti. Usiku wa Mombasa joto haliteremki sana chini ya nyuzi 22, na kati ya Januari na Machi mchana hufika nyuzi 32 au zaidi. Mbu wa malaria hupata hali anayoipenda karibu mwaka mzima. Malaria imepungua sana pwani kuliko miaka ya 1990, lakini haijaisha.

Mtu aliyekulia mahali penye malaria mwili wake hujifunza kidogo kidogo kupigana nayo. Mtu wa milimani, mtoto na hata mtu mzima, hana kinga hiyo. Kwa hiyo mtoto wa jirani yako wa pwani anaweza kuumwa kidogo, wako akazidiwa upesi. Usilinganishe watoto.

PWANI SI MAHALI PAMOJA

Usiseme tu "nahamia pwani." Uliza ni wapi. Katikati ya mji wa Mombasa malaria ni kidogo kuliko vijiji vya Kwale na Kilifi vyenye mashamba, madimbwi na vichaka. Lakini mjini kuna mbu wengine, wale wenye madoadoa meupe miguuni, wanaouma mchana na kuzaana ndani ya maji safi yaliyowekwa nyumbani. Hao huleta homa ya dengi na chikungunya. Mombasa ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2013 na tena mwaka 2021, na mlipuko mkubwa wa chikungunya kuanzia mwisho wa mwaka 2017 hadi 2018.

Maana yake ni kwamba hakuna mtaa usio na jambo la kuangaliwa. Mambo yenyewe ni manne: hewa, maji, choo na njia ya kufika hospitali.

1. HEWA NA MAHALI PA KULALA

Neti haisaidii kama haitumiki, na neti haitumiki katika chumba kisichopitisha hewa. Hili ndilo jambo la kwanza. Ingia chumbani saa nane mchana, funga mlango, ukae dakika kumi. Kama wewe mtu mzima huwezi kuvumilia, mtoto hatalala humo.

Tafuta chumba chenye madirisha mawili yanayotazamana, au dirisha linalotazamana na mlango, ili upepo wa bahari upite. Paa la makuti lina ubaridi mzuri, lakini huacha nafasi kubwa juu ya ukuta ambapo mbu huingia, na hushika moto haraka, kwa hiyo jiko liwe mbali. Paa la mabati bila dari huchoma mchana na hata usiku wa mwanzo. Kama ni mabati, yawe juu na yawe na dari. Mwulize mwenye nyumba kama utaruhusiwa kupigilia wavu wa waya madirishani na misumari ya kufungia neti. Wengine hukataa, na ni heri ujue kabla ya kulipa.

Pwani utakuta nyumba nyingi za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma na choo cha pamoja. Si mbaya. Lakini chumba kimoja chenye watu saba hakina hewa, na kikohozi huenea humo upesi. Kama kuna mgonjwa wa kifua kikuu katika familia, asihame bila barua ya kliniki na dawa zake.

2. MAJI

Uliza: maji yanatoka wapi, na hutoka siku ngapi kwa wiki? Mitaa mingi ya Mombasa mifereji hukauka kwa siku nyingi, watu hununua maji ya mikokoteni kwa mtungi wa lita 20. Weka gharama hiyo pamoja na kodi. Nyumba ya bei rahisi isiyo na maji huenda ikawa ghali kuliko ile ya pili.

Visima ni vingi pwani, lakini vingi vina maji ya chumvi. Onja mwenyewe. Kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi chumvi. Maji ya chumvi yanafaa kufulia na kupigia deki. Usiyatumie kukorogea dawa ya maji na chumvi ya kuhara, ile tunayoiita ORS, wala maziwa ya mtoto, kwa sababu chumvi ikizidi humdhuru. Weka mtungi mmoja wa maji matamu yasiyo ya chumvi kwa ajili ya mtoto.

Jambo jingine: ardhi ya pwani mahali pengi ni mwamba wa matumbawe wenye nyufa. Uchafu wa choo hupita katika nyufa hizo hadi kisimani, hata kama maji yanaonekana meupe. Kwa hiyo maji ya kisima ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kila siku.

Na kwa kuwa maji ni ya kuweka, funika kila pipa na mtungi vizuri. Mara moja kwa wiki mwaga yaliyobaki, sugua kuta za pipa kwa brashi, kisha ujaze upya. Mayai ya yule mbu wa mchana hugandamana kwenye kuta za pipa. Kumwaga bila kusugua hakutoshi. Matairi, vifuu vya nazi na makopo uani yaondolewe.

3. CHOO NA MAJI MACHAFU

Usitosheke kuonyeshwa chumba. Omba kuona choo. Hesabu milango ya vyumba, hesabu na vyoo. Je, choo kiko angalau mita 30 kutoka kisimani? Je, mtoto anaweza kukitumia bila hofu? Maji ya bafuni yanakwenda wapi? Maji machafu yakituama nyuma ya nyumba, hapo ndipo huzaana mbu wa usiku wanaoeneza matende na mabusha, magonjwa yanayojulikana sana pwani.

Kama unaweza, rudi uone mahali hapo baada ya mvua. Mvua za masika ni Aprili hadi Juni, za vuli ni Oktoba hadi Desemba. Nyumba iliyo bondeni ni kavu Februari, lakini Mei maji ya choo huelea uani, na kuhara na kipindupindu hufuata. Ukishindwa kurudi, tazama alama ya maji ukutani na uwaulize wapangaji, si mwenye nyumba.

4. NJIA YA HOSPITALI SAA NANE ZA USIKU

Mtoto hazidiwi mchana peke yake. Uliza zahanati iliyo karibu hufunguliwa saa ngapi, hupima malaria, na usiku watu huenda wapi. Hospitali kuu ya rufaa ya Pwani iko kisiwani Mombasa. Ukikaa Likoni na ukapewa rufaa kwenda huko usiku, utavuka kwa feri au uzunguke kwa barabara ya Dongo Kundu. Ukikaa ndani kabisa Kwale au Kilifi, pikipiki inaweza kuwa ndiyo gari pekee. Jua bei yake na uweke namba ya simu ya dereva mmoja unayemwamini. Hakikisha pia familia imejiandikisha SHA kabla ya kusafiri.

MAMA MJAMZITO

Malaria kwa mama mjamzito humaliza damu, huharibu mimba au huleta mtoto mwenye uzito mdogo. Katika kaunti za pwani mama mjamzito hupewa dawa ya SP kliniki kuanzia mwezi wa nne, kila baada ya wiki nne au zaidi, hadi anapojifungua. Huku kwetu milimani si kawaida kupewa, kwa hiyo wengi hawajui kuiuliza. Ukifika, nenda kliniki wiki hiyo hiyo na kitabu chako cha mama na mtoto. Mama anayetumia Septrin kila siku hapewi SP, kwa hiyo taja dawa zote unazotumia. Uliza na neti ya bure ya mjamzito.

WIKI ZA KWANZA

Neti isafiri kwenye mkoba wako, pamoja na kitabu cha kliniki na dawa. Usiipakie lori. Usiku wa kwanza iwe imefungwa.

Mvue mtoto sweta, shali na kofia ya sufi tulizozizoea huku. Nguo moja nyepesi ya pamba yatosha. Akitoka harara, yaani vile vipele vya joto, mwogeshe maji ya kawaida na umwache na hewa. Usimpake mafuta mazito.

Wengi huniuliza, "Sista, joto lile, nimpe mtoto maji?" Kama hajafikisha miezi sita, jibu ni hapana. Maziwa ya mama yana maji ya kutosha hata pwani. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe mama ndiye unywe maji mengi.

Kumbuka pia kwamba malaria huchukua siku saba au zaidi tangu kuumwa na mbu hadi homa. Kwa hiyo homa ya wiki ya pili si uchovu wa safari wala joto la pwani mpaka damu ipimwe. Nenda upime siku hiyo hiyo au kesho yake. Ukipewa dawa za malaria, maliza siku zote tatu hata homa ikishuka. Kama hakuna malaria na viungo vinauma sana, inaweza kuwa dengi: usinunue aspirini wala brufen dukani, tumia panadol na urudi kwa daktari.

Mtoto akipata degedege, akitapika kila kitu, akikataa kunyonya, akipumua kwa shida au akilegea asiamke vizuri, usingoje asubuhi. Jirani mwema anaweza kukuambia degedege ni jambo la mganga. Mshukuru, kisha umpeleke mtoto hospitali.

UKIRUDI NYUMBANI

Disemba familia hurudi kusalimia. Mtoto akipata homa akiwa huku, mwambie muuguzi, "Tumetoka pwani." Neno hilo moja humkumbusha kupima malaria. Nyanya, nawe uliza swali hilo mjukuu akiwa moto. Na waliohama miaka mingi wasijivunie kinga ya zamani. Ukikaa milimani muda mrefu hupungua, nawe hurudi pwani kama mgeni.

Mama, kama baba ndiye anayetangulia, mpe kijitabu hiki aende nacho. Kodi ni jambo la kuzungumza, lakini liwe la tano.

KUMBUKA
Kabla ya kulipa kodi, tazama hewa, maji, choo na njia ya hospitali.
Neti iwe mkononi, ifungwe usiku wa kwanza.
Funika maji, sugua pipa kila wiki.
Homa ni ya kupimwa, si ya kuzoewa.

MASWALI YA KIKUNDI
1. Ni nani katika kikundi chetu ana jamaa aliyehamia pwani? Alichagua nyumba kwa kutazama nini?
2. Kwa nini watu huacha kutumia neti kwenye joto, na nyumba inaweza kusaidia vipi?
3. Mtoto wa miezi minne amefika Mombasa na ana kiu. Mama afanye nini?