Chungu, Nyoka na Msitu: Yaliyomo Makavazi ya Kitale

Kwa wakazi wengi wa Trans Nzoia na Bungoma, Makavazi ya Kitale ni mahali pa ziara ya shule. Mtu alipelekwa kwa basi akiwa shule ya msingi, akaona mamba, akanywa soda, na tangu siku hiyo hajarudi. Ni hasara, kwa maana mengi yaliyomo humfaa zaidi mtu mzima mwenye shamba, ghala la mahindi na watoto wa kulinda.

Makavazi haya, yaliyo kando ya barabara ya kwenda Eldoret, yalitokana na mkusanyiko wa mtu mmoja. Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyependa wadudu kupita kiasi, alianza kuwakusanya mwaka wa 1894 akiwa mtoto wa miaka mitano. Mwaka wa 1926 alianzisha makavazi yake ya kibinafsi. Alipofariki mwaka wa 1966, aliiachia serikali ya Kenya mkusanyiko huo pamoja na fedha za kujenga jengo jipya, ambalo lilifunguliwa Desemba 1974.

Ndani ya jumba kuna vyombo vya jamii za eneo hili na za kaskazini. Wageni wengi hupita upesi penye vyungu na vibuyu, wakisema vitu kama hivyo vilikuwa kwa nyanya zao. Hapo ndipo panapofaa kusimama. Anayedhani kwamba sanaa ya kisasa ni picha zisizoeleweka zinazotundikwa Nairobi na Ulaya aanze na chungu. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1950, ni mmoja wa wafinyanzi wanaoheshimiwa zaidi duniani leo, na kazi yake imewekwa katika British Museum jijini London. Hatumii gurudumu. Huinua chungu kwa mikono, hukikwangua, hukipaka udongo laini wa majimaji, kisha hukisugua hadi king'ae. Mbinu hizo alijifunza pia kutoka kwa wanawake wafinyanzi wa Abuja, Nigeria.

Chungu chake kikichomwa penye hewa ya kutosha hutoka chekundu. Kikirudishwa motoni na kunyimwa hewa, hugeuka cheusi. Mama wa kijijini anayechoma vyungu vyake kwa kuni na nyasi anaijua kanuni hiyo bila kuisoma: pale moto ulipokosa hewa, chungu hubaki na doa jeusi. Tofauti ni kwamba chungu cha mama kimekusudiwa kubeba maji, na cha Odundo kimekusudiwa kutazamwa, shingo na tumbo lake vikimkumbusha mtu umbo la mwanadamu. Mzazi ambaye mwanawe amechagua mkondo wa sanaa katika sekondari ya juu ana sababu nzuri ya kumleta hapa kabla ya kumwambia kwamba sanaa haina kazi.

Nje kuna nyoka, mamba na kobe. Watu hukaa zaidi penye nyoka, wakicheka na kurudi nyuma, lakini mafunzo ya pale ni ya kuokoa maisha. Moma, ambaye wengine humwita kifutu, hakimbii akisikia hatua za mtu. Hutulia, akitegemea rangi yake imfiche, na ndiyo maana hukanyagwa. Kuna pia nyoka mdogo wa kahawia apendaye kuingia majumbani, asiye na sumu, ambaye chakula chake ni panya. Mwenye ghala anayemuua huyo amewafanyia panya hisani.

Aliyeumwa na nyoka asichanjwe kwa wembe, sumu isinyonywe kwa mdomo, kiungo kisifungwe kamba ya kubana, na jiwe jeusi lisitegemewe. Atulizwe, avuliwe pete, bangili na viatu kwa sababu kiungo huvimba, mguu au mkono ufungiwe kijiti usisogee, na afikishwe hospitalini mara moja. Nyoka asifukuzwe. Mengi ya maafa huongezeka kwa saa zilizopotea nyumbani.

Nyuma ya vizimba kuna njia ya miguu inayoingia kwenye kipande cha msitu wa asili. Trans Nzoia ilifyekwa ili kupata mashamba makubwa ya walowezi, kisha yakagawanywa kuwa mashamba madogo na ploti. Vilivyosalia ni vipande. Kinachojulikana zaidi ni Saiwa, mbuga ndogo kuliko mbuga zote za kitaifa nchini, yenye ukubwa wa takriban kilomita 3 za mraba, iliyotengwa mwaka wa 1974 ili kumlinda nzohe, swala wa kwenye matope.

Vipepeo waliokaushwa humweleza mgeni kwa nini vipande hivyo vina maana. Kila aina ya kipepeo hutaga mayai juu ya mimea yake maalumu. Mmea ukikosekana, kipepeo naye hukosekana. Jaribio liko hata nyumbani. Kiwavi anayefanana na kinyesi cha ndege kwenye mlimau huja kuwa wa kijani, na akiguswa huchomoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Akiachwa, hutoka kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Majani machache aliyokula hayauui mlimau uliokomaa, kwa hivyo dawa si lazima.

Makavazi ya Kitale yako chini ya taasisi ya kitaifa, lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti jukumu la makavazi na shughuli za utamaduni katika maeneo yao. Mkazi anayetaka ufinyanzi, litungu au msitu wa kijiji uingizwe katika mpango wa maendeleo ana haki ya kulisema hilo katika vikao vya kukusanya maoni ya umma, na lirekodiwe.

Kwa anayetoka Bungoma, matatu zinazotoka Webuye hupitia Kamukuywa na Kiminini hadi Kitale. Kuna ada ya kuingia, na ya mtoto ni ndogo kuliko ya mtu mzima. Kwa njia ya msituni, heri viatu vya kufunika mguu, hasa mvua ikiwa imenyesha.