Kalamu Iliyofunga Milango ya Ghuba

Wako watu wanaodhani kuwa ukoloni hauji ila na gavana, kodi ya kichwa na mashamba ya walowezi. Historia ya masheikh wa pwani ya Uarabuni, katika Ghuba ya Uajemi, yatufundisha kwamba nchi yaweza kutwaliwa bila ya hayo yote. Yatosha kumnyang'anya mwenyeji haki ya kusema na jirani zake.

Mizinga ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1819 manowari za Uingereza ziliipiga Ras al-Khaimah, ngome zikabomolewa na majahazi yakachomwa, kwa madai ya kukomesha uharamia. Mwaka 1820 masheikh wakatia sahihi mkataba. Na mwaka 1853 wakaahidi amani ya daima baharini. Hatukatai kwamba amani hiyo iliwafaa wazamia lulu. Lakini ahadi ni deni, na mwenye kudai alikuwa mmoja tu.

Ukubwa wa deni ulidhihirika Machi 1892. Masheikh wa Abu Dhabi, Dubai, Sharjah, Ajman, Umm al-Qaiwain na Ras al-Khaimah waliahidi, wao na warithi wao, mambo matatu: wasipatane wala kuandikiana na dola yoyote isipokuwa Uingereza, wasimruhusu mjumbe wa dola nyingine kukaa nchini mwao bila ya idhini yake, wala wasiitoe ardhi yao, wasiiuze, wala wasiiweke rehani ila kwake. Sheikh Mubarak wa Kuwait alifungwa kwa ahadi kama hizo Januari 1899, akapewa rupia 15,000. Nasi wa pwani hii twaijua kamba hiyo: Sultani wa Zanzibar alikabidhi mambo yake ya nje kwa dola hiyo hiyo mwaka 1890.

Ni nini ilikuwa hasara yake katika biashara? Majahazi ya Ghuba yaliendelea kuvuka bahari. Yalikuja kwetu na kaskazi yakileta tende, yakarudi na kusi yakichukua boriti. Lulu ziliuzwa Bombay. Lakini kuanzia miaka ya 1920 lulu za kufugwa za Kijapani ziliingia sokoni, kisha mdororo wa uchumi wa dunia ukafuata, bei ikaporomoka. Mzamiaji, ambaye tangu zamani alikuwa mtumwa wa deni la nahodha wake, akabaki na deni bila kazi.

Njaa hiyo iliwakuta masheikh wamekwisha kufungwa tena. Mwaka 1922 waliahidi kutompa mtu kibali cha kuchimba mafuta ila yule atakayeteuliwa na Serikali ya Uingereza. Mwenye njaa aliye na mnunuzi mmoja hapatani bei; hupangiwa. Januari 1939 Abu Dhabi ilitia sahihi mkataba wa mafuta wa miaka 75. Ijapokuwa baadaye serikali ilijitwalia sehemu kubwa, muda wa mkataba huo ulikwisha Januari 2014.

Na aliyethubutu kufungua mlango mwingine alionyeshwa njia ya kutokea. Sheikh Saqr bin Sultan wa Sharjah alikubali msaada wa Jumuiya ya Nchi za Kiarabu. Juni 1965 aliondolewa madarakani. Waingereza walisema huo ulikuwa uamuzi wa ukoo wake. Lakini kosa lake lilikuwa limeandikwa tangu 1892.

Mikataba hiyo ilikoma Desemba 1971, na Umoja wa Falme za Kiarabu ukazaliwa. Hesabu miaka: bendera ilishushwa, na mkataba wa mafuta ukaishi miaka 42 zaidi.

Basi, ndugu mfanyakazi, karatasi ya mapatano inapoletwa mezani, usiulize tu tutalipwa kiasi gani leo. Uliza: kesho tutakuwa na ruhusa ya kumwuzia mwingine? Jibu likiwa hapana, fedha hiyo si bei ya mali. Ni bei ya mlango.