Uchovu Unaobaki Baada ya Tiba ya Saratani ya Titi

Mwanamke aliyemaliza tiba ya saratani ya titi hupokelewa nyumbani kwa furaha. Majirani humpa mkono, watoto humkimbilia, na mumewe hushukuru kwamba taabu imekwisha. Lakini baada ya majuma machache huonekana jambo ambalo jamaa hawakulitazamia: mama huyo huamka amechoka kana kwamba hakulala. Akifagia ua, hana budi kuketi. Akiinjika chungu, mikono humlegea. Hapo minong'ono huanza, hasa katika nyumba za kambini ambazo ukuta ni mmoja: "Amepona, mbona hafanyi kazi?"

Yafaa ijulikane kwamba uchovu huo si uvivu wala si kudeka. Ni miongoni mwa matokeo ya saratani na ya tiba zake, yaani upasuaji, dawa za kutiwa mshipani, mionzi, na vidonge vya kuzuia homoni ambavyo baadhi ya wanawake huvimeza kwa miaka 5 au zaidi. Uchovu wa kazi huondoka kwa usingizi wa usiku mmoja. Huu hauondoki hivyo. Kwa wengi hupungua kadiri miezi inavyopita, lakini kwa wengine hudumu miaka. Wala kudumu kwake peke yake si ishara kwamba saratani imerudi.

Jambo la kwanza ni kumweleza daktari au muuguzi. Nchini Uganda, Taasisi ya Saratani iliyoko Mulago, Kampala, imekuwapo tangu mwaka 1967, na mgonjwa anayerudi kliniki asione haya kuutaja uchovu wake kama anavyotaja maumivu. Daktari atatafuta sababu zinazotibika: upungufu wa damu, malaria, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, kukosa usingizi, au huzuni nzito. Lakini akipumua kwa shida, akiumwa kifua, akivimba miguu au akipata homa, asingoje siku ya kliniki. Aende hospitali mara moja, kwani baadhi ya dawa za saratani zaweza kuudhuru moyo.

Jambo la pili huwashangaza wengi: kulala kutwa hakuondoi uchovu huu, bali huudhoofisha mwili zaidi. Mwaka 2019 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana kwamba mazoezi ya wastani ya dakika 30, mara 3 kwa juma, kwa muda wa majuma 12 kwa uchache, huupunguza. Kila askari anajua kwamba kuruta hapewi mwendo mrefu siku ya kwanza. Vivyo hivyo mama aanze kwa kutembea dakika 5 au 10 asubuhi, jua halijawa kali, kisha aongeze kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Jambo la tatu ni kuzigawa nguvu kama mama mwangalifu anavyougawa mshahara wa mwezi. Kazi iliyo muhimu ifanywe saa ile mwili una nguvu, nyingine ingoje. Akimenya matoke au kuchambua maharage, akae kitini. Jerikani la maji libebwe na wengine. Mapumziko ya mchana yasizidi nusu saa, usingizi wa usiku usije ukapotea. Siku akijisikia vizuri asizimalize kazi zote, maana kesho yake atashindwa kuinuka. Chakula kiwe na maharage, mayai au samaki, pamoja na mboga za majani.

Wapo pia askari wanawake wanaorejea kazini baada ya tiba. Hao waombe barua ya daktari na kuzungumza mapema na mkuu wao juu ya kupewa kazi nyepesi kwa muda, kabla hawajaanguka gwarideni.

Mwisho, tiba kubwa ya nyumbani imo mikononi mwa mume na watoto. Askari hamwachi mwenzake aliyejeruhiwa abebe mzigo wake peke yake. Basi asimwache mkewe. Jioni akirudi kutoka zamu, badala ya kuuliza kwa nini chakula hakijaiva, na aulize ni kazi gani amwondolee.