Kisiki cha Mgunga Hakijafa

Upande wa Masha, kusini-magharibi mwa Uganda, mtu akitoka Mbarara kuingia Isingiro, migomba imetawala vilima. Ila mkulima wa huko hafyeki kila kitu. Katikati ya matoke huacha omusambya, mti wa shina lililonyooka na maua ya njano, kwa sababu ndio unaompa nguzo za nyumba na miega ya kuzuia mikungu isiangushe mgomba. Mpakani husimama omutoma, jamii ya mkuyu, ambao ukichomeka kigingi chake kibichi mvua zinapoanza, kinaota.

Kuelekea Ziwa Nakivale mambo hubadilika. Hapa ni ukanda wa wafugaji: mvua ni haba, nyasi ndefu, na miti inayostahimili ni migunga na euforbia zenye utomvu mweupe unaochoma macho. Vichaka vizito huota juu ya vichuguu. Mchwa huleta juu udongo wa chini wenye rutuba, maji hayatuami pale, na hapo mikole na miti mingine hupata pa kushika mizizi. Ardhioevu ya maziwa ya Mburo na Nakivale, inayolishwa na mto Rwizi upitao Mbarara, iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa mwaka 2006.

Katika ukanda huu ndimo yalimo makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Tangu Wanyarwanda wa mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi Wakongo, Warundi na Wasomali wa leo, kila familia imehitaji miti ya kujengea na kuni za kupikia. Mtu mwenye watoto wanaolia njaa hawezi kulaumiwa kwa kukata mgunga. Ninacholalamikia ni namna tunavyorudisha kilichokatwa: miche ya mkaratusi na grevilea iligawiwa, picha zikapigwa, kiangazi kikaja, miche ikakauka. Mkaratusi una faida yake kwa kuni za haraka. Kuupanda kando ya ziwa, pale unapofyonza maji, ni kosa.

Hebu inama utazame kisiki cha mgunga uliokatwa msimu uliopita. Pembeni mwa gome machipukizi kumi au zaidi yamejitokeza, membamba, yana miiba mipya, yakisukumwa na mizizi iliyokwisha kufika kwenye unyevu ambao mche wa kitalu hauujui. Mgunga wa aina ya hockii ni sugu hasa. Wafugaji wa jirani na Hifadhi ya Mburo huuchukia kwa sababu hiyo hiyo: wakiukata, unarudi na kuziba malisho. Kinachomkera mwenye ng'ombe kule ndicho anachokihitaji mpishi wa Nakivale.

Dodoma, Tanzania, wameshaonyesha njia. Huko shirika la LEAD Foundation limefundisha wakulima utaratibu wa Kisiki Hai: unachagua machipukizi machache yenye nguvu, unapogoa mengine, unafunga kitambaa ili kila apitaye ajue kisiki kina mwenyewe, kisha unalinda. Matawi yaliyopogolewa yanakuwa kuni. Hakuna kitalu, hakuna ndoo ya maji.

Na ujuzi hauko mbali. Mnyarwanda anaujua omusambya kwa jina la umusave, na mwamba ngoma wenye maua mekundu anauita umuko, mti unaohusishwa na Ryangombe, shujaa anayetukuzwa katika imani za mababu zake. Wakimbizi hawa wasifundishwe miti kama wageni wa miti.

Kikwazo kikubwa ni kiwanja. Mkimbizi amepewa ardhi atumie, si yake. Kesho anaweza kuhamishwa. Nani atalinda chipukizi miaka mitano ili mwingine aje avune nguzo? Kwa hiyo kabla ya mvua za Septemba, wanaogawa miche wapite kwanza viwanjani, wahesabu visiki vilivyo hai, na waandike kwamba aliyetunza ndiye mwenye haki ya kuvuna. Kisha wakubaliane na wenye mbuzi, ili machipukizi yasiliwe.